Timu Imenuna: Tafuta Chanzo cha Ugomvi Kazini Kabla ya Kumtafuta Mkorofi

Kabla sijapewa zamu niiongoze nilikuwa fundi wa brashi, mashine ya kusafisha singa, yaani nyuzi za mkonge, kwenye kiwanda kimoja cha mkonge, nje kidogo ya mji wa Tanga. Mashine ikianza kulia, fundi hakimbilii kubadilisha kipuri. Anauliza kwanza: imeanza kulia lini? Baada ya kufanywa nini? Inalia muda wote au ikibeba mzigo tu? Nimeona beringi nzima zikitupwa kwa sababu mtu alisikia kelele upande ule akaamini ubovu uko hapohapo, kumbe mkanda ndio uliokuwa umelegea upande wa pili.

Nilipoanza kuongoza watu nililisahau somo hilo kwa mwaka mzima. Watu wakigombana, nilitafuta mkorofi. Na mkorofi hakosekani, maana kila timu ina mtu mwenye sauti kubwa kuliko wenzake. Nilimpa onyo au nilimhamisha, na baada ya mwezi ugomvi uleule ukazuka kwa watu wengine, palepale, saa zilezile.

Yafuatayo nimeyapanga kwa dalili, kama fundi anavyopanga daftari lake. Tafuta dalili inayofanana na yako, pima vyanzo, ndipo utengeneze. Mifano mingi ni ya mkonge kwa sababu ndiyo kazi niliyoishika kwa mikono, lakini msimamizi wa ghala, wa jiko la hoteli au wa wodi ataona mambo yake humu.

Zima mashine kwanza

Watu wakirushiana maneno kazini, watoe kwenye mashine na uwatoe mbele ya wenzao. Mtu mwenye hasira hatazami mkono wake uko wapi, na mkanda unaozunguka haumsubiri. Akiwa na watazamaji pia hawezi kurudi nyuma hata akijua amekosea, kwa kuwa atachekwa. Kwa hiyo usisimame katikati ya uwanja ukauliza "Kuna nini hapa?" Sema kwa sauti ya kawaida: "Kaka, nenda kanywe maji, nitakuita. Dada, nisubiri ofisini. Saa nne nitakuwa nimeshawasikiliza wote wawili." Taja saa, na saa hiyo ikifika uwepo. Kiongozi anayesema "tutaliongea" bila kutaja saa, watu wanajua ameliacha.

Kisha andika mistari mitatu: ilikuwa saa ngapi, ilikuwa wapi, walikuwa wanafanya kazi gani. Matusi waliyotukanana unaweza kuyaacha. Baada ya wiki nne soma mistari yote kwa pamoja. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza niliona majina yanabadilika, lakini mahali ni pamoja: pale singa zinapotoka kwenye uanikaji kuingia kwenye brashi.

Dalili: vitengo viwili au zamu mbili zinalaumiana kila siku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa na ndipo viongozi wengi wanapokosea.

Kwa asiyejua kazi yetu: jani la mkonge likishapita kwenye korona, mashine inayotenganisha singa na nyama ya jani, singa hutoka zimelowa. Huanikwa juani kwenye nyaya. Zikikauka hupelekwa kwenye brashi zikanyooshwa na kusafishwa, halafu hupangwa madaraja na kufungwa marobota ya kilo 250. Kila mkono unategemea mkono uliotangulia. Singa mbichi zikiingia kwenye brashi hujiviringisha kwenye ngoma, mashine inasimama, fundi anakaa chini na kisu kuzikata. Zikipita hivyohivyo hadi kwenye robota, zinabadilika rangi na kuota ukungu, na bei inaanguka.

Kuanzia Machi hadi Mei masika yakipamba moto, jua halitoshi. Mwaka mmoja kila asubuhi ilikuwa maneno kati ya akina mama wa uanikaji na vijana wa brashi. Vijana walisema wanaletewa singa kama nguo zilizotolewa kwenye beseni. Akina mama walisema vijana wale ni wavivu, wanatafuta sababu ya kukaa. Siku moja kijana mmoja alipokea mzigo, akaushika, akautupa chini miguuni mwa mama aliyeuleta. Mama yule ni mtu mzima, na aliyesimama nyuma yake na mzigo wa pili alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe. Uwanja mzima ulinyamaza.

Uongozi ulimwita kijana, akaambiwa aombe radhi, akaomba. Baada ya siku mbili ugomvi ulikuwa palepale. Nikarudi kwenye daftari langu, nikaacha kuuliza nani ana adabu na nani hana. Niliuliza maswali ambayo hadi leo ndiyo ninayoanza nayo vitengo vikilaumiana.

La kwanza: kila upande unahesabiwa kwa nini? Akina mama walilipwa kwa idadi ya mizigo waliyofikisha kabla ya adhuhuri. Vijana walilipwa kwa kilo safi zilizotoka. Kwa hiyo mama alipata hasara akisubiri singa zikauke, na kijana alipata hasara akizipokea kabla hazijakauka. Ukiwaweka malaika wawili kwenye nafasi hizo, kufikia Jumatano watakuwa hawasalimiani.

La pili: kazi inapotoka mkono mmoja kuingia mwingine, nani anathibitisha hali yake? Pale kwetu hakuwepo. Ukavu wa singa haukuwa kazi ya mtu yeyote.

La tatu: upande mmoja unajua nini ambacho mwingine anakijua akiwa amechelewa? Akina mama walijua tangu saa mbili asubuhi kwamba nyaya za upande wa mabonde zimenyeshewa usiku. Vijana walikuja kujua saa tano, mashine ikiwa imeshasimama.

Dawa ilikuwa ya kawaida kabisa. Tuliweka sehemu moja ya kupokelea, na mtu mmoja kutoka kila upande anazishika singa pamoja na mwenzake kabla hazijaingia. Zisizokauka zinarudi kwenye waya bila matusi, na zinaandikwa. Asubuhi ya mvua mama mmoja anapita brashi kusema nyaya zipi zimelowa. Nilipeleka ombi kwamba siku za mvua mzigo uliorudishwa usimkate mwanikaji. Lilichukua wiki tatu kukubaliwa, na katika wiki hizo nilitukanwa na pande zote mbili. Ukiwa kiongozi wa zamu, kupanda ngazi kwenda kuomba utaratibu ubadilishwe ni sehemu ya usuluhishi. Kama unasuluhisha watu tu na utaratibu unaowagombanisha umeuacha, utasuluhisha kila wiki.

Zamu mbili zikilaumiana, pima makabidhiano. Daftari la makabidhiano lionyeshe mashine ziko katika hali gani, kipi kibovu, kipi kimebaki, na nani ameshaambiwa. Na wanaotoka wakutane na wanaoingia ana kwa ana kwa dakika kumi na tano, dakika ambazo zinalipwa. Zisipolipwa, anayetoka atakimbilia gari la wafanyakazi au daladala ya Ngamiani, na anayeingia atakuta mashine ina siri.

Dalili: watu wawili hawasemeshani

Kwetu pwani salamu ni kipimo. Mtu akiingia asubuhi akasalimia wote, akamruka mmoja, timu nzima imeshapata habari kabla ya chai. Usisubiri wiki mbili ukitumaini watapoa.

Vyanzo nilivyokutana navyo zaidi ni aibu ya hadharani, neno lililobebwa na mtu wa tatu, deni, na mambo ya mapenzi au familia.

Waone mmoja mmoja, siku hiyohiyo, mahali pamoja na kwa muda unaolingana, maana watapimana nani alikaa na wewe muda mrefu. Sheria yangu ni moja: niambie alichofanya, usiniambie alivyo. Akisema "ana dharau", muulize: "Alifanya nini ukaona ni dharau?" Mara nyingi chini ya neno hilo kuna kitu kidogo unachoweza kukishika. Alinikata neno kikaoni. Aliniita kwa kupiga mluzi. Alinipa ufagio ilhali mimi ni mkubwa kwake. Dharau huwezi kuitengeneza, lakini mluzi unaweza.

Halafu wakalishe pamoja. Usikae nyuma ya meza kama hakimu. Kaa nao upande mmoja. Mmoja aseme, na mwenzake kabla ya kujibu arudie alichosikia. Wengi huona ni jambo la kitoto mpaka wajaribu. Nakumbuka fundi na msaidizi wake. Msaidizi alisema, "Uliondoka na funguo za stoo, nikaonekana mimi mzembe." Nikamwomba fundi arudie. Akasema, "Anasema mimi mwizi." Nikamwomba msaidizi aseme tena, taratibu. Mara ya tatu fundi ndipo alipolipata: "Anasema niliondoka na funguo, yeye akalaumiwa." Akakaa kimya, kisha akasema, "Hilo la kulaumiwa sikulijua." Wiki nzima walikuwa wamenuniana kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Wakifika hapo, wasiondoke na "basi yaishe". Waondoke na jambo linaloonekana: funguo zinatundikwa ukutani, anayezichukua anaandika jina.

Ikiwa chanzo ni deni, kaa mbali na hesabu. Waambie deni ni lao, lakini kwenye zamu wanasalimiana na wanapeana vifaa. Na ushauri mmoja ambao najua wengi hawataupenda: kiongozi wa timu usiwe kijumbe wa upatu wa timu yako. Siku mchango wa mtu ukichelewa, na wewe ndiye unayempangia zamu ya usiku, hakuna atakayeamini kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Mapenzi yaliyovunjika kati ya wafanyakazi wawili hayasuluhishwi ofisini. Linda kazi na heshima yao, tenganisha zamu kama wote wawili wanataka, na usiulize zaidi.

Dalili: kikaoni kimya, chini ya mwembe makelele

Unauliza "Nani ana la kusema?" Wote wanajibu hakuna, bosi. Saa nne kwenye chai na mihogo, kila kitu kinasemwa. Dalili hii chanzo chake mara nyingi ni kiongozi mwenyewe, kwa hiyo jipime kabla hujampima mtu.

Kumbuka mtu wa mwisho aliyekupinga mbele ya wenzake. Alipata nini baadaye? Kama wiki iliyofuata alipangiwa kazi nzito, wenzake walihesabu. Kumbuka pia chai unakunywa na nani. Ukikaa na walewale watatu kila siku, timu inajua habari zako zinatoka wapi.

Kuna urithi pia. Mkonge uliingia pwani hii mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na kwa miongo mingi mashambani aliyesimamia watu aliitwa mnyapara, kazi yake ikiwa kuhesabu na kukaripia. Mfumo umebadilika, lakini neno limebaki midomoni. Kiongozi mpya akipandisha sauti mara moja tu, wazee wanamwita mnyapara pembeni, na kuanzia hapo wanamjibu kama mnyapara alivyojibiwa: ndiyo bwana, kisha wanafanya wanavyojua wao.

Kinachofaa ni kubadilisha swali. Uliza, "Wiki hii nini kimekupotezea muda?" Swali hilo linaomba habari ya kazi, halimwombi mtu amshitaki mwenzake. Zungukia wote na uanze na mdogo. Mzee akitangulia kusema, kijana hatathubutu kumpinga, na pengine yeye ndiye anayejua tatizo liko wapi. Katika yote yatakayosemwa, chukua moja ulitekeleze kabla ya wiki kwisha, walione kwa macho.

Na majungu je? Mtu akikujia na habari za mwenzake, muulize: "Umemwambia mwenyewe?" Kama hajamwambia, sema, "Basi twende wote." Anayeleta fitina atakumbuka ana kazi nyingine. Ila kuwa mwangalifu. Anayekuja kwa siri kwa kuwa anaogopa, hasa binti anayesumbuliwa na mkubwa wake, huyo hajaleta umbea. Msikilize mlango ukiwa umefungwa, kisha nenda kwenye sehemu ya mambo yasiyosuluhishwa hapa chini.

Dalili: kijana anaongoza, mzee hapokei maagizo

Mzee hakatai kazi waziwazi. Anachelewa kidogo, anasahau kidogo, anauliza "Nani kasema?" mbele ya watu.

Pima mambo haya. Je, nafasi yako yeye aliitarajia? Ulimkosoa mbele ya vijana? Na je, ulipopewa zamu ulienda kwake ukamwambia unahitaji msaada wake, au alikusikia ukitangazwa tu?

Anza na shikamoo, kila siku, kabla ya kazi yoyote. Cheo hakiondoi umri. Kisha muulize ushauri kabla hujaamua, kwa sababu ukimuuliza baada ya kuamua atajua unampaka mafuta. "Mzee wangu, kazi hii umeifanya kabla sijazaliwa. Kesho tuna mkonge mwingi na maji ni machache. Wewe ungeanzia wapi?" Sikiliza kweli. Ukiufuata ushauri wake, sema mbele ya wote kwamba ni wake. Usipoufuata, mweleze sababu mkiwa wawili.

Panapohusu usalama, msimamo wako usitikisike. Kuna mzee aliyekuwa akiondoa kinga ya mkanda ili afanye haraka, na alikuwa amefanya hivyo miaka mingi bila kuumia. Nilimsubiri akamaliza chai, nikakaa naye, nikamwambia: "Mzee wangu, nakuheshimu kama baba. Kinga ikiwa haipo siwashi mashine. Hata akija mkurugenzi siwashi." Alininunia siku nne. Ya tano alikuja na bolti mbili mkononi akasema kinga ile ilikuwa inamsumbua kwa sababu haikukaa sawa, na akanionyesha namna ya kuikaza. Alikuwa na hoja tangu mwanzo, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Dalili: mtu mmoja anatengwa

Anakula peke yake, na vifaa vibovu vinamfikia yeye. Mara nyingi ni mgeni, au inasemekana ameletwa na wakubwa, au utani umevuka mpaka. Huku kwetu Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na wageni wa bara tunafanya kazi bega kwa bega, na utani ni chumvi ya siku. Kipimo chake ni kwamba unakwenda pande zote mbili, na mtu akisema "leo basi", unakoma. Unaomwendea mmoja tu kila siku huo ni uonevu hata kama wote wanacheka. Mpe mtengwa kazi inayomhitaji mwenzake, na umpe na mtu anayeheshimiwa. Usihubiri umoja mbele yake, utamwaibisha zaidi.

Dalili: hasira zinazokuja mwisho wa mwezi

Kama makaripio, uchelewaji na ukaidi vinaongezeka karibu na siku ya mshahara, weka tabia pembeni ushike hesabu. Kiongozi asiyejua haki za watu wake ataita madai halali ukorofi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ovataimu isizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na kila saa inalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5. Sikukuu inalipwa mara mbili. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya saa moja. Na mwajiri hakati mshahara wa mtu kufidia hasara kwa kutaka tu: kuna utaratibu, kuna ridhaa ya maandishi, na makato hayo hayavuki robo ya ujira.

Linganisha daftari la mahudhurio na hati ya mshahara ya mtu mmoja anayelalamika. Nimefanya hivyo mara kadhaa, na mara nyingi nimekuta saa zilizofanyika hazikufika kwa mhasibu kwa sababu mimi au mwenzangu wa zamu nyingine hatukuziandika. Ukikuta hivyo, mwambie mhusika wazi na urekebishe mwezi huohuo.

Dalili: vita kwenye grupu la WhatsApp

Usijibu humo. Andika, "Nimeona, tunaongea kesho saa moja," na kesho saa moja muongee. Grupu la kazi libaki la zamu, taarifa na misiba.

Haya usiyasuluhishe

Ngumi au silaha. Wizi. Ulevi kwenye mashine. Kushikwa-shikwa, kuombwa rushwa ya ngono, maneno ya kudhalilisha. Usiwakalishe pamoja mnyanyasaji na aliyenyanyaswa wapatane. Utakuwa umemnyanyasa mara ya pili. Sheria hiyohiyo ya 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Kazi yako ni kumlinda aliyeumizwa, kuandika ulichoona na ulichoambiwa kwa maneno yaleyale, na kupeleka kwa afisa utumishi siku hiyohiyo. Aliyeumizwa apelekwe hospitali.

Anayetuhumiwa naye ana haki. Ikifika kwenye kikao cha nidhamu, aambiwe tuhuma zake mapema, kwa kawaida si chini ya saa 48, na aweze kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Usimfukuze mtu getini kwa hasira. Mgogoro ukishindikana ndani, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo: malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60. Mtu akikuuliza njia ya kufika huko, mwonyeshe, hata kama utachukiwa.

Dalili: ugomvi uliokwisha umerudi

Angalia kama mlipatana juu ya jambo linaloonekana au juu ya maneno matupu. Angalia kama ulirudi kuuliza. Mimi huandika tarehe mbili kwenye daftari: siku ya tatu na siku ya kumi na nne. Siku hizo nampitia kila mmoja kazini kwake na kuuliza, "Lile jambo la funguo linakwendaje?" Nalitaja jambo lenyewe, ugomvi siutaji.

Kisha angalia mahali msamaha ulipoombwa. Hili lilinichukua muda kuliona. Yule kijana wa brashi aliomba radhi ofisini, mbele ya watu wawili. Lakini singa alizitupa uwanjani, mbele ya mkwe wa mama yule na watu arobaini. Tulibadilisha mapokezi, hesabu zikarekebishwa, mashine ikaacha kusimama, na bado mama alikuwa akipita pale brashi ameinamisha uso. Nilimwambia kijana. Alisema ameshaomba. Nikamuuliza, "Uliomba wapi?" Akaelewa.

Asubuhi yake alimchukua mzee mmoja wa kitengo chake, wakaenda hadi kwenye nyaya wakati akina mama wote wapo. Akapiga goti kama mtoto kwa mzazi wake, akasema: "Mama, nilikuvunjia heshima mbele za watu. Mbele za watu naomba unisamehe." Mama alimwinua. Hakusema mengi, alichukua fungu la singa kutoka kwenye waya, akalikunja mara moja, akampa ashike.

"Hizi bado," akamwambia. "Njoo saa nane."

Saa nane kijana alikuja mwenyewe na toroli.